Fundi Chirau na Sakafu ya Bwana Muhdhar

Nyumba ya Bwana Muhdhar hapa Kibokoni imepitiwa na masika matatu bila kuvuja tone. Watu wakipita chini huinua macho wakasema, mashaallah, watu wa kale walijua kujenga. Waache waseme. Nyumba hii ilikuwa maiti, ilisalia kuoshwa na kuzikwa. Aliyeifufua ni Fundi Chirau wa Tsuma, Mdigo wa Mtongwe, na hakuifufua kwa kuipenda. Aliifufua kwa chuki ya miaka kumi na minane. Mimi Swabaha, mjane, mshona kofia, nakaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya ile sakafu ya paa aliyoipiga, na mkono wangu umo katika jambo hili. Sioni haya kusema.

Chirau ni mtu mfupi, mkavu, mikono imeliwa na chokaa hata akikupa mkono waona umeshika jiwe. Tanuu lake la kuchomea chokaa liko Kibarani, ufuoni, mbali na pua za watu. Ijumaa asubuhi utamkuta Marikiti anakunywa kahawa na mahamali. Lakini Mji wa Kale alikuwa haingii. Akiwa na chokaa ya kupeleka huku kwetu, alimpa mwenye mkokoteni, yeye akaishia Marikiti akageuka. Sababu yake ni baba yake.

Mwaka wa ishirini na tisa Tsuma, babake Chirau, alikuwa akipiga lipu ya chokaa sebuleni kwa Bwana Muhdhar. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kupangia vyombo vya fahari, palikuwa na mrashi wa fedha wa kunyunyizia wageni marashi, mali ya Bi Mwanakuu, mamake Bwana Muhdhar. Mrashi ukapotea. Ndani ya nyumba tulikuwa wapangaji wa milango sita, na watumishi, na wageni wa kuingia na kutoka. Hakuulizwa hata mmoja. Aliyeitwa Mnyika, yaani mshamba asiye wa mji, mle ndani alikuwa mtu mmoja tu, basi mwizi akapatikana.

Bwana Muhdhar hakwenda polisi. Alisomesha halbadiri. Asiyeijua ajue: ni dua isomwayo na walimu kwa pamoja juu ya mwizi, na watu wetu huamini kwamba aliyeiba atavimba mwili mpaka afe. Kwa kawaida husomwa juu ya mwizi asiyejulikana, kazi ya kumtafuta akaachiwa Mungu. Bwana Muhdhar hakumwachia Mungu. Aliagiza jina litajwe. Baraza ilijaa watu, mimi na marehemu mume wangu tukitazama dirishani, na nikalisikia jina la Tsuma kwa masikio yangu. Mwenyewe alikuwa amesimama njiani na ndoo yake mkononi.

Haikutimia miezi minne, miguu ya Tsuma ikavimba. Kisha tumbo, kisha uso. Akapelekwa hospitali ya serikali, akarudishwa, akafa. Mji mzima ukasema, si mwaona? Mazishini walikwenda watu kumi na mmoja. Chirau alikuwa ameposa, posa ikarudishwa. Na tangu siku hiyo, kila nyumba aliyoingia kufanya kazi, wenyewe waliondoa vyombo kwanza ndipo wakamkaribisha. Nilipomwuliza, baadaye sana, ni lipi lililomuuma zaidi katika yote yale, alisema ni hilo la kuondolewa vyombo.

Mimi nami niliamini. Siwezi kujitia usafi leo. Niliamini miaka kumi na mitano, mpaka alipokufa Bi Mwanakuu, mwaka wa arubaini na nne.

Sanduku lake nililipanga mimi, pamoja na Bimdogo, mpangaji wa chini, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu. Chini kabisa ya sanduku, umefungwa katika kisutu kikuukuu, kanga ya kizamani, ulikuwamo mrashi wa fedha. Bi kizee aliuficha mwenyewe, labda kwa kuwahofia wakaza wanawe, kisha akasahau, au akaona haya. Mungu ndiye ajuaye. Nilikuwa bado nimeushika Bwana Muhdhar alipoingia.

"Huo ni mwengine," akasema. "Mama alikuwa nayo miwili."

Nikamtazama. Naye akanitazama, kisha akauliza polepole, "Swabaha, kile chumba cha juu chakutosha?"

Nikasema chanitosha. Ndivyo nilivyouza ulimi wangu kwa chumba, na chumba chenyewe kilikuwa kinavuja.

Nilijua pia kwa nini hawezi kusema kweli. Halbadiri ikisomwa juu ya asiye na kosa, watu husema, humrudia aliyeisomesha. Kumtakasa Tsuma kwake kulikuwa ni kujihukumu mwenyewe, tena kwa hukumu ya kuvimba. Kwa hivyo akanyamaza, akaswali swala zake tano, akaendelea kuitwa bwana.

Nyumba nayo ikaendelea kuoza. Mwenyewe alikuwa hagongomei hata msumari. Boriti zililiwa na mchwa, ngazi ya pili ikawa ya kupanda kwa kushika ukuta, na mvua ikinyesha mimi nilikuwa nalala na masufuria matatu kitandani. Mwaka wa arubaini na sita ikaja barua ya manispaa: nyumba itengenezwe kabla ya masika ya mwakani kumalizika, ama ibomolewe. Milango sita ya watu ingelala njiani. Nyumba za kupanga zilikuwa hazipatikani kisiwani tangu vita vilete watu bandarini.

Bwana Muhdhar alitaka kung'oa zidaka zote, avunje daka la mbele, ule ukumbi wa mlangoni, aweke bati na saruji, iwe nyumba ya kisasa. Lakini vita vilikuwa vimemalizika juzi, na bati na saruji vilitolewa kwa kibali. Akapanga foleni maofisini mpaka viatu vikaisha soli. Mfuko mmoja wa saruji alioupata kwa mlango wa nyuma aliupiga ukuta wa chumba cha Bimdogo. Vuli ilipokuja, ukuta wa mawe ya tumbawe ukatoka jasho la chumvi, lipu ikabanduka kama maganda ya muhogo. Bimdogo akasema, "Mimi sioni vyema, lakini naona nimelala ndani ya papa mkavu." Ikawa njia iliyobaki ni ileile ya kale: boriti za mikoko, chokaa ya tumbawe, na sakafu ya kupigwa kwa fimbo. Na fundi ajuaye kupiga sakafu kubwa kama ile alikuwa amebaki mmoja.

Bwana Muhdhar akaenda Kibarani mwenyewe, kanzu na kilemba. Maneno yao aliniambia Chirau.

"Sabalkheri, fundi."

"Sabalkheri, Bwana Muhdhar."

"Nna kazi. Ya kale tuyawate, fundi. Kazi ni kazi."

Chirau aliendelea kukoroga chokaa yake. "Nitaifanya, lakini nina masharti. Hakibomolewi kitu walichokiweka waliojenga. Zidaka zitabaki, daka litabaki, na boriti nitakazotoa ni zilizooza tu. Na wapangaji hawatoki. Nitafanya chumba kwa chumba, wao wakihama juu na chini."

"Na malipo?"

"Vibarua wangu utawalipa kila Jumamosi. Langu mimi tutazungumza siku ya sakafu."

Mwenye akili angesikia neno hilo akarudi nyumbani. Bwana Muhdhar alisikia unafuu.

Basi Chirau akaingia Kibokoni. Siku ya kwanza wapangaji wote waliondoa vyombo, na mimi nikiwemo. Akatuona tukipita na sahani zetu, akaendelea kukoroga chokaa. Alifanya kazi miezi mitano, na sijaona mtu akifanya kazi vile. Boriti moja mbovu aliitoa kati ya nzima kama mtu atoavyo mwiba, akaweka mpya iliyochongwa pande nne kama wenzake. Ukuta uliopigwa saruji aliuchuna wote akaupa chokaa iliyolala shimoni siku nyingi, akisema ukuta wa tumbawe wataka kupumua. Nakshi zilizomeguka alizipima kwa uzi kutoka zile nzima za upande wa pili, akazichonga palepale ukutani kwa kisu, chokaa ingali laini. Nyumba ikaanza kurudiwa na uso wake. Sisi wajinga tukasema, mtu huyu ana moyo mwema, amesamehe.

Siku moja nilimkuta sebuleni peke yake. Alikuwa anasafisha kwa brashi ile lipu aliyoiacha babake. Upande mmoja wa zidaka ulikuwa umemalizika, upande wa pili ulikomea nusu, siku ile ya mrashi. Alama za vidole vya Tsuma zilikuwa bado zaonekana. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia yote, sanduku, kisutu, na maneno ya chumba.

Akaketi chini. "Mwaka gani?"

"Arubaini na nne."

"Umenyamaza karibu miaka mitatu."

"Nimenyamaza."

"Kwa nini waniambia leo?"

"Nimechoka kumwogopa."

Hakunishukuru. Akaniambia siri yake. Alikuwa amekusudia kuifungua sakafu ya juu yote, halafu asirudi. Masika yangeikuta nyumba haina kichwa, manispaa ingeibomoa, na Bwana Muhdhar angebaki na kiwanja cha kifusi. Ndiyo maana hakutaka wapangaji tutoke. Alitaka wawepo watu wa kumpigia kelele mlangoni.

"Na sisi?" nikamwuliza. "Wazee kama Bimdogo?"

"Nyinyi mliondoa vyombo," akasema.

Nami nilikuwa mmoja wao. Lakini akasimama akaokota brashi yake, akasema sasa sakafu ataipiga, maana amepata kitu bora kuliko kuangusha nyumba. Nilishuka ngazi nikiwa na furaha mbaya. Najua ilikuwa mbaya, na niliifurahia.

Sakafu ya juu hupigwa hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa kokoto na chokaa mbichi, unene wa shubiri. Kisha watu thelathini, wanaume kwa wanawake, hupanga safu wakaipiga kwa fimbo za mbao bapa, ngoma ikiwapigia mwendo, maji yakinyunyizwa, siku tatu. Hupumzika kwa zamu, na usiku hufunikwa makuti yaliyoloweshwa. Ila mchana haiachwi. Ikiachwa kabla ya kushikana hukauka na nyufa, na yenye nyufa haitengenezeki, hufukuliwa yote ikatupwa.

Tulianza mwishoni mwa Machi, mimi nikiwa miongoni mwa wapigaji, mawingu yakiwa yamekwisha kujipanga baharini. Siku ya pili baada ya alasiri, mapaa ya majirani yalikuwa yamejaa watu, kama ilivyo ada, maana sakafu ikipigwa huwa ni tamasha la mtaa. Bwana Muhdhar alipanda na sinia la halua kwa wapigaji, uso umemkunjuka. Chirau akanyoosha mkono. Ngoma ikakatika.

"Wekeni fimbo chini," akasema.

"Fundi, mbona?" Bwana Muhdhar akauliza. "Huioni mvua hini?"

"Naiona. Leo ni siku ya malipo yangu."

"Sema wataka nini, utapawa."

"Baba yangu alisomewa halbadiri hapo chini, mbele ya watu, kwa jina lake. Nataka umtaje kwa jina lake hapa juu, mbele ya watu, useme hakuiba."

Bwana Muhdhar akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mtoto. "Hayo ni mambo ya Mungu, fundi. Mungu alihukumu, na watu wote walimwona alivyokufa."

Chirau akageuza ndoo, akaikalia. Jua lilikuwa bado kali, na pembeni mwa sakafu chokaa ikaanza kuwa nyeupe, dalili ya kukauka. Upepo ukavuma. Wapigaji wakatazamana. Kutoka chini nikamsikia Bimdogo akiuliza mbona kimya, kuna aliyekufa? Mimi nilisimama juu ya chumba changu mwenyewe. Kitanda changu, cherehani yangu na kofia saba za Idi zilikuwa chini ya nyayo zangu, na nilijua sakafu ile ikiharibika hakuna nyingine kabla ya mvua, na bila sakafu hakuna nyumba. Niliogopa.

Bwana Muhdhar aliuona woga wangu. Akanigeukia. "Swabaha, hebu zungumza naye. Chumba kitakachoanguka ni chako."

Lilikuwa neno lake lilelile, la chumba. Nadhani angelisema neno jingine lolote ningemwomba Chirau kwa machozi. Nikaiweka chini fimbo yangu, niliyokuwa bado nimeishika.

"Mrashi niliuona mimi, Bwana Muhdhar. Ulikuwa sandukuni mwa mamako, ndani ya kisutu, nawe ukaniambia nyamaza kwa kunitajia chumba."

Nilisema kwa sauti ya kuwafikia wa mapaa ya tatu. Bwana Muhdhar akatazama mawingu, akatazama ile chokaa inayopauka, akaliweka sinia la halua chini.

"Mrashi ulionekana," akasema kwa chini.

"Sikusikia," akasema Chirau. "Na wale majirani hawakusikia."

"Mrashi ulionekana ndani. Tsuma hakuwiba."

"Na aliyemsomeshea halbadiri ni nani?"

Bwana Muhdhar akatazama ngazi ya kushukia. Chirau hakuondoka kwenye ndoo yake, na ningeapa kwamba angekaa pale mpaka nyumba nzima igeuke vumbi.

"Ni mimi," Bwana Muhdhar akasema.

Juu ya paa la jirani mzee mmoja, aliyekuwa miongoni mwa wasomaji wa siku ile, akasema astaghfirullah akashuka. Wapigaji waliokuwa karibu na Bwana Muhdhar wakasogea kando hatua moja, kama walioambiana. Kisha mwanamke mmoja akamtazama miguu. Akafuata mwingine. Punde watu wote, juu ya mapaa yote, walikuwa wanaitazama miguu ya Bwana Muhdhar, naye akavuta kanzu yake ikafunika viatu.

"Haya," akasema Chirau. "Maji, na fimbo."

Tukapiga mpaka maghribi, na kesho yake tukamaliza. Sijapata kupiga kitu kwa hamu kama ile. Kila pigo langu lilikuwa na mtu chini yake. Mvua ilifika siku nne baadaye, ikapiga wiki nzima, nami nikalala katikati ya chumba, sina hata sufuria moja. Mkaguzi wa manispaa alikuja akagonga kuta, akatazama boriti, akaandika, akaenda zake. Zidaka za sebuleni Chirau alizimaliza mwisho wa yote, ule upande ulioachwa na babake. Siku hiyo alifunga mlango, hakutaka mtu.

Sasa Chirau hupita Ndia Kuu, humu Mji wa Kale, kila Ijumaa, kichwa juu, amevaa kofia niliyomshonea. Watu humkaribisha nyumbani na vyombo viko mahali pake. Akifika mbele ya baraza yetu husimama akasema kwa sauti ya mtaa mzima, "Waonaje afya, Bwana Muhdhar?"

Swali hilo limemla mtu. Bwana Muhdhar hajavimba. Anakula, anatembea, hana homa. Lakini msikitini safu yake huwa na nafasi kushoto na kulia, na walioitwa kwake kwa chakula wote huwa na udhuru. Kila asubuhi hukaa barazani akajibonyeza muundi kwa kidole gumba, akaangalia kama nyama inarudi. Inarudi. Hujibonyeza tena. Amekonda mpaka kanzu inamvaa yeye.

Mwezi uliopita aliniita. Hakuniita kama bwana mwenye nyumba, aliniita kama mgonjwa.

"Swabaha, dadangu, nenda Kibarani. Mwulize Chirau, daktari wa hospitali alisema babake aliugua nini?"

Nilielewa mara moja. Ikiwa ugonjwa ule ulikuwa na jina, basi halbadiri haikumuua mtu, na isiyomuua mtu haina cha kurudi. Alikuwa anatafuta usingizi.

Nikaenda. Chirau alikuwa tanuuni, anapanga mawe. Nikampa ujumbe. Alicheka, na nilikuwa sijamwona akicheka kwa meno.

"Figo," akasema. "Daktari alituambia figo zilikuwa zimekufa. Mzee alikuwa akivimba miguu kila jioni mwaka mzima kabla ya mrashi kupotea, akituficha ili asikose kazi."

"Nimwambie hivyo?"

Akachagua jiwe, akalipima mkononi, akaliweka mahali pake. "Mwambie sikumbuki."

Kutoka Kibarani mpaka Kibokoni kwa miguu ni mwendo wa kutosha mtu kuwa mwema akitaka. Nilitembea mwendo wote huo. Bwana Muhdhar alikuwa akiningoja barazani, amejishika magoti kwa mikono miwili.

"Yuwasemaje?"

"Asema hakumbuki," nikamwambia, nikapanda juu kushona kofia zangu.